Jina Lililorandwa Darajani Xiatan

TANGAZO NAMBA 17. Idara ya Utamaduni na Utalii ya Wilaya ya Luoxi inawatangazia wakazi wote wa kijiji cha Xiatan kwamba, kuanzia tarehe mosi mwezi wa kumi na moja, ni marufuku kuanika majani ya haradali, mashuka, soksi au kitu kingine chochote cha matumizi ya nyumbani kwenye kingo za Daraja la Mwezi wa Song, ambalo ni Mandhari ya Saba ya wilaya yetu. Majani ya haradali yatakayoonekana darajani baada ya tarehe hiyo yatakuwa yale tu yaliyoanikwa na Idara, kwa mpangilio ulioidhinishwa. Wakazi wanaombwa kutoa ushirikiano.

Tangazo hilo lilibandikwa kijijini, kwenye stendi ya basi, na mjini kwenye ukuta wa duka ninakonunua maziwa ya soya kila asubuhi. Nililisoma nikiwa nimesimama, bakuli mkononi, wala halikunikasirisha. Nilifundisha historia kwa miaka thelathini na tatu, nikatumika miaka mitatu kati ya hiyo katika ofisi ya kuandika Kitabu cha Wilaya, rekodi rasmi ya historia yake, na matangazo ya aina hiyo kwangu yalikuwa kama mvua ya vuli: hunyesha, mtu akafunga dirisha.

Kila wilaya ya nchi hii ina mandhari nane. Haina saba wala tisa. Desturi hiyo waliianzisha wasomi wa kale waliotumwa kutawala mahali wasipopapenda, wakatafuta vitu vinane vya kutungia mashairi ili muda wao upite. Nane za Luoxi zimeorodheshwa katika kitabu cha zamani, na hali yake ya leo inaweza kuelezwa kwa ufupi. Kengele ya hekalu iliyeyushwa mwaka 1958 ili ipatikane chuma. Ilikuwa ya shaba, jambo ambalo halikumzuia mtu. Maporomoko ya maji yalikatwa na bwawa la umeme, na sasa hufunguliwa kwa bomba kuanzia saa nne hadi saa tano asubuhi endapo kuna wageni. Msitu wa misonobari uliosifiwa kwa kuvuma kama bahari ni kiwanda cha vigae. Majabali mawili yaliyofanana na wazee wanaocheza sataranji yalipasuliwa ili kupata kokoto za barabara ya kuwapeleka watu kuyatazama. Hilo la mwisho silisemi kwa mzaha. Nilikuwa katika kamati.

Sasa Idara ilikuwa ikiomba hadhi ya kivutio cha A nne, ya pili kwa ukubwa nchini, kutoka mkoani, na wakaguzi walitarajiwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Kengele mpya ilikuwa imenunuliwa, bomba limepakwa rangi ya kijani. Daraja la Xiatan peke yake halikuhitaji kubuniwa, kwa sababu lilikuwapo. Watu walilivuka kila siku kwenda kwenye mashamba ya chai. Lilihitaji jambo moja tu, nalo ni kuwa la kale, la enzi ya wafalme wa Song, karibu miaka elfu moja iliyopita.

Siku mbili baada ya tangazo, Zhuo Yinzhu alikuja nyumbani kwangu kwa basi la kwanza. Ni mjane wa miaka sitini na mmoja, ana shamba dogo la chai na matuta ya haradali upande wa pili wa mto, na kwa miaka mingi tulikuwa tukisalimiana bila kutembeleana. Alikuwa amebeba mfuko wa mbolea uliofungwa kwa kamba. Hakukaa. Aliumimina ule mfuko juu ya meza yangu, juu ya gazeti nililokuwa nikisoma, yakatoka maranda: mikunjo myembamba ya mbao, mingine ina utandu wa masizi, mingine ina alama nyeusi za wino upande mmoja.

"Soma," akasema.

Nikamuuliza nisome nini.

"Si wewe ndiye msomi? Soma hayo."

Nikachukua mkunjo mmoja, nikaunyoosha kwa vidole. Kulikuwa na mstari wa wima na kipande cha mstari mwingine ulioukata. Huo ulikuwa wino wa zamani, umezama ndani ya mti. Nilikuwa nimekwisha kujua ni nini, lakini nilichukua mkunjo wa pili, na wa tatu, kwa sababu sikutaka kuinua uso.

Akanieleza. Alikuwa amekwenda darajani kuteremsha majani yake kabla hayajachukuliwa. Alipoinua kichwa kuangalia kama kuna yaliyonaswa juu, akaiona boriti kuu ya paa ikiwa nyeupe kama figili iliyomenywa. Mafundi wawili kutoka mjini walikuwa chini yake na randa ya umeme, wakichanganya chai na masizi kwenye ndoo ili waipake irudie rangi ya uzee. Aliwauliza waliyoyaranda yako wapi. Wakamjibu kwamba mpishi wao ameyachukua.

"Nimeyakuta jikoni kwao. Alikuwa anawashia moto wa kuchemshia wakubwa chai. Nusu yameshaungua."

Katika milima yetu daraja la mbao hujengwa likiwa na paa na kuta kama nyumba, na fundi mkuu huitwa mshika uzi, kwa kuwa yeye peke yake ndiye anayeshika ule uzi uliochovywa wino unaopigwa juu ya gogo kuonyesha msumeno utapita wapi. Wengine wote hukata pale alipopiga. Siku boriti kuu inapopandishwa, jina la mshika uzi huandikwa kwa wino upande wake wa chini, pamoja na mwaka. Wageni huidhani kuwa heshima, na kwa kiasi fulani ni heshima, lakini kwanza ni dhamana. Anayepita chini ya paa lile ainue macho amjue wa kumlaumu.

Daraja la zamani la Xiatan lilichukuliwa na mafuriko ya kiangazi cha mwaka 1969, pamoja na watu wawili waliokuwa juu yake. Miaka minne watoto walivuka kwa kamba. Mwaka 1973 Zhuo Maochuan, baba yake Yinzhu, alilijenga jingine na wenzake kumi na mmoja, bila msumari hata mmoja, kwa sababu misumari haikuwapo. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya kijiji hicho, kijana niliyetoka mjini. Maochuan hakujua kusoma. Siku moja baada ya masomo alikuja darasani, akakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamemfika kidevuni, akaniomba nimwandikie jina lake, neno la cheo chake, na mwaka. Nilimwandikia kwenye kibao. Kwa siku kumi na moja alikuwa akiyaiga kwa kijiti juu ya vumbi la mbao, wakati wa chakula, wenzake wakimtania kwamba mchumba amepata barua. Kisha akapanda akaandika, mara moja, bila kufuta.

Nyakati hizo jambo hilo lilikuwa kosa. Lilihesabiwa kuwa mila za kale na kiburi cha mtu binafsi. Alisimamishwa juu ya benchi katika uwanja wa kupuria mpunga, ameningʼinizwa ubao shingoni wenye jina lilelile, limepigwa msalaba mwekundu, akaamriwa aende akalirande kwa randa yake mwenyewe. Alijibu kwa swali: daraja likianguka, mtamtafuta nani? Alisimama pale alasiri mbili. Wakatafuta fundi mwingine wa kuliranda, na kati ya wale kumi na mmoja hakupatikana aliyekumbuka jinsi ya kushika randa kichwa kikiwa juu. Mavuno yakafika, watu wakaenda mashambani, jina likabaki.

Alifariki mwaka 1982. Bwawa lilipojaa mwaka 1991 makaburi ya bondeni yalihamishwa hadi kilimani, ambako mawe yana namba. Alipigwa picha mara moja tu maishani mwake, akiwa juu ya lile benchi, na picha hiyo bintiye hakuitaka. Kwa hiyo mahali pekee duniani palipokuwa na jina la Zhuo Maochuan ni upande wa chini wa boriti ile, na mstari ule ndio pekee aliouandika katika uhai wake. Ulivumilia miaka ya kelele na mabango. Ukaja kuondolewa saa tisa alasiri, siku ya Jumanne, na watu wasiokuwa na chuki naye hata kidogo.

Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia Yinzhu jambo ambalo hakulijua.

Mwaka 1988 niliitwa katika ofisi ya Kitabu cha Wilaya, nikapewa sura ya madaraja na mahekalu. Kuhusu daraja la kijiji chake niliandika hivi: "Daraja la Xiatan. Lilijengwa enzi ya Song. Limekarabatiwa mara nyingi." Niliyatoa maneno hayo, herufi kwa herufi, katika kitabu cha mwaka 1871, ambacho nacho kiliyatoa katika kitabu cha kabla yake. Ndivyo tunavyofanya sisi waandishi wa vitabu vya wilaya. Lililochapwa na marehemu hubebwa likiwa zima na aliye hai, na anayemsahihisha mtangulizi wake huonekana hana adabu. Nililijua daraja la Song lilikokwenda. Nilijua la sasa lina umri gani, kwa kuwa kibao cha maandishi yake nilikiandika mimi. Lakini wale wawili waliokufa majini hawakuwa katika ripoti yoyote ya mwaka ule, na kuandika kwamba daraja lilijengwa upya kungemfanya mtu aulize la kwanza lilikuwa limepatwa na nini. Zaidi ya hapo, sura ilitakiwa Ijumaa.

Nilimweleza yote hayo kwa mpangilio, kama ninavyoyaandika hapa. Alinisikiliza akiwa amesimama, akirudisha maranda mfukoni moja baada ya jingine.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Nami njia nzima kwenye basi nawatukana wao." Akafunga kamba. "Vaa viatu."

Naibu Mkuu wa Idara, Qiu Bochao, alikuwa mwanafunzi wangu wa sekondari. Alikaa safu ya tatu, alikariri miaka ya kila mfalme, na hakuwahi kuuliza swali. Alitupokea kwa mikono miwili, akatumiminia chai yeye mwenyewe, akamwita Yinzhu shangazi. Ukutani nyuma yake kulikuwa na mchoro wa mandhari nane katika rangi, majabali ya sataranji yakiwamo.

Alikiri upesi kwamba boriti imerandwa. Maandishi ya mwaka 1973, alisema, yalikuwa yakiwachanganya wageni.

"Shangazi, hakuna aliyemfuta mtu. Tumeondoa uchafu wa kisasa juu ya kitu cha kale."

"Huo uchafu ndio uliolijenga," akasema Yinzhu. "Nyanya yako si alikaa ngʼambo? Kila mwaka mpya ulikuwa unapita pale na kuku wako wa zawadi, unateleza na viatu vipya. Ulidhani unapita juu ya mgongo wa nani? Wa mfalme?"

Qiu aliinamia kikombe chake. Akauliza, kwa upole, kama kuna uthibitisho wowote kwamba maandishi yalikuwa hivyo yanavyodaiwa. Yinzhu akaweka mfuko wa mbolea juu ya meza ya kioo.

"Hayo ni maranda, Shangazi."

"Yalikuwa jina mpaka Jumanne."

Niliingilia. Nilimwambia kwamba sentensi ambayo Idara inaitegemea niliiandika mimi, kwamba ni ya uongo, na kwamba niko tayari kuweka sahihi yangu chini ya maneno hayo. Qiu alinisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za ugonjwa wa mzazi wa mwenzake. Kisha akaeleza kwamba Kitabu kina muhuri wa wilaya. Kwamba toleo la pili, lililotoka mwaka uliopita, limeirudia sentensi hiyo, na hivyo sentensi si yangu tena. Kwamba mwandishi aliyestaafu ni mtu binafsi, na binti wa fundi ni mwenye maslahi.

"Wewe mwenyewe ulitufundisha, Mwalimu," akamalizia. "Maandishi kwanza. Kumbukumbu za mtu baadaye. Nililiandika kwenye daftari. Ninalo mpaka leo."

Kweli niliyafundisha hayo, na niliyafundisha vizuri. Tulitoka. Kwenye ngazi za ofisi Yinzhu alinitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaniambia kwamba mwanafunzi wangu amefaulu.

Jumatatu Katibu Ye, kiongozi wa kijiji, alikwenda kwake na pendekezo, nami nilikuwapo kwa sababu Yinzhu alikuwa ameniagiza nije nihesabu vipande vilivyobaki vya herufi ya pili. Ye si mtu mbaya. Ana kijiji chenye wazee mia mbili na zahanati isiyofikika mvua ikinyesha. Alisimama mlangoni akiizungusha kofia mkononi, akasema Idara inatafuta mtu wa kukaa darajani siku ya ukaguzi, na baada yake, akiwa amevaa nguo ya bluu ya kizamani, akianika majani ya haradali kwa ule mpangilio. Idara imemfikiria yeye kwanza. Chakula cha mchana kipo.

"Yaani nikatazwe kuanika majani yangu kwenye daraja la baba yangu," akasema Yinzhu, "halafu nikaanike majani ya serikali nimevalishwa kama maiti ya tajiri."

"Dada Yinzhu, wakitupa A nne, lami inafika mpaka mlangoni kwako."

"Mlangoni kwangu pameshafikwa. Kuna daraja. Muulize aliyelijenga."

"Mimi najua aliyelijenga."

"Unajua sana. Mjomba wako aliacha kidole pale. Au hicho kidole nacho ni cha enzi ya Song?"

Ye aliivaa kofia, akaivua tena. Akasema kwa sauti ya chini kwamba wakaguzi wanafika saa nne, na kwamba yeye hajasikia lolote na hajaona lolote mpaka saa hiyo. Sikuelewa mara moja kwamba alikuwa akitupa muda.

Yinzhu alielewa. Alhamisi asubuhi, ukungu ukiwa bado mtoni, nilimkuta darajani ameegemeza ngazi ya kuchumia matunda kwenye nguzo ya katikati. Kando ya miguu yake kulikuwa na kijiwe cha kusagia wino na brashi nene, ya kuandikia mapambo ya mwaka mpya. Kingo zote za daraja zilikuwa zimekwisha kuanikwa majani ya Idara, mafungu yenye urefu sawa, yaliyofungwa kwa utepe.

Nilimshauri aniachie mimi niandike. Nilisema mwandiko wangu ni mzuri, na ni mimi niliyemwandikia baba yake mara ya kwanza.

"Mwandiko wako tumeshauona," akasema. "Shika ngazi."

Nikashika ngazi. Alisoma miaka miwili tu utotoni mwake, na brashi aliishika kama mwiko. Wino ulimchuruzikia mkononi hadi kwenye kiwiko, tone moja likaniangukia kwenye paji la uso. Sikuthubutu kuachia mkono nilifute. Aliandika cheo, jina na mwaka. Herufi ya kwanza ilitoka kubwa mno na ya mwisho ikabanwa. Aliposhuka hakunishukuru, nami nilijua sababu.

Wakaguzi walifika watano, wakiongozwa na mhandisi wa makamo aitwaye Bi Ruan. Qiu alitembea mbele yao na kipaza sauti, akieleza jinsi washairi wa Song walivyosimama hapo kutazama mwezi. Wanakijiji walikuwa wameambiwa wasimame upande mmoja na waonekane kuwa katika shughuli zao. Bi Ruan hakuutazama mto alioonyeshwa. Alipapasa nguzo, akainama akachungulia maungio, akauliza miti ni ya lini. Qiu akasema ya Song, iliyokarabatiwa. Bi Ruan akasema kwamba nguzo hiyo haijafikisha hata miaka sitini, na kwamba maungio yake ni ya mtu mmoja, kuanzia kichwa hadi mguu. Ukarabati hauwi hivyo. Ndipo akainua uso.

"Nani aliyeandika hapo?"

"Mimi," akasema Yinzhu. "Kabla yangu, baba yangu. Lake wameliranda wiki iliyopita."

Qiu alianza kusema kuhusu mkazi mwenye uchungu wa kifamilia. Nilimkatiza. Katika miaka thelathini na tatu ya kufundisha sikuwahi kupaza sauti darasani, na pale pia sikuipaza. Nilisema kwamba daraja la kwanza lilikwenda na maji tarehe kumi na nne mwezi wa saba mwaka 1969. Nilisema kwamba juu yake walikuwapo msaga unga Ding Kaifu na binti yake wa miaka tisa, Xiaoe, na kwamba majina yao hayamo katika karatasi yoyote ya wilaya hii. Nilisema hili la sasa lilijengwa na Zhuo Maochuan mwaka 1973.

"Mimi ndiye niliyeandika kwamba ni la Song. Watu wataniambia nilikosea. Sikukosea. Nilijua, nikadanganya."

Qiu alimwambia Bi Ruan, kwa sauti iliyokusudiwa isinifikie, kwamba Mwalimu Pan amestaafu muda mrefu na anaishi peke yake. Mzee mmoja miongoni mwa wanakijiji akasema kwamba hata yeye amestaafu, ila akili yake bado iko kazini. Alikuwa mmoja wa waliovushwa kwa kamba. Kisha Katibu Ye akavua kofia. Yeye ndiye aliyekuwa na la kupoteza kuliko sote, na alilisema akiwa anatazama mbao za sakafuni.

"Ni kweli, Mhandisi. Mjomba wangu alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Kila mtu hapa anajua. Hata Naibu Mkuu anajua."

Bi Ruan alimtazama Qiu, na Qiu akazima kipaza sauti. Yinzhu akaufungua mfuko wake, akampa yule mhandisi mkunjo mmoja wa maranda, ule uliokuwa na kipande kikubwa kuliko vyote cha jina. Bi Ruan aliushika kwenye mwanga, akaurudisha kwa uangalifu, akaandika katika daftari lake kurasa mbili nzima. Akasema ameelewa, kwamba ataandika yote aliyoyaona, na kwamba jambo kama hili halipaswi kuachwa lipite hivihivi. Watu waliotoka darajani siku ile walikuwa wakizungumza kwa sauti kubwa kama watu wanaotoka harusini. Yinzhu yeye alikwenda kununua kuku.

Nilirudi mjini na basi la jioni. Kwa majuma matatu na nusu niliandika barua nne, kwa wilaya na kwa mkoa, nikaambatanisha katika kila moja ungamo lenye sahihi yangu. Nilijibiwa kwamba zimepokewa. Siku ya ishirini na sita Yinzhu aliletewa bahasha na karani wa Idara, akaja nayo kwangu bila kuifungua, akasema safari hii nisome kwa sauti na nisiruke neno. Nilisoma kama ilivyoandikwa:

UAMUZI WA KAMATI YA PAMOJA KUHUSU BORITI KUU YA DARAJA LA MWEZI WA SONG. Kamati imepokea maelezo ya mkazi Zhuo Yinzhu, mstaafu Pan, aliyekuwa katibu wa kijiji wakati huo, Ye, na mhandisi wa mkoa, na imeridhika kwamba maelezo yote yanakubaliana. Hivyo imeamua ifuatavyo. Kwanza: umri wa daraja utaendelea kuwa ule uliotajwa katika Kitabu cha Wilaya, toleo la pili, hadi hapo utakaporekebishwa na toleo la tatu, ambalo uandishi wake umepangwa kuanza mwaka 2031. Pili: maandishi yaliyoko sasa kwenye boriti, kwa kuwa yamo ndani ya eneo linalohifadhiwa, hayaruhusiwi kufutwa, na kwa kuwa yaliandikwa bila kibali, hayaruhusiwi kuonekana. Yatafunikwa kwa ubao wa mti unaofanana. Tatu: maranda yaliyo mikononi mwa mkazi aliyetajwa ni sehemu ya urithi wa enzi ya Song, na yanapaswa kukabidhiwa kwa Idara ndani ya siku kumi na tano. Nne: Kamati inawashukuru wote waliotoa maoni yao. Uamuzi huu unaanza kutumika leo, na suala hili limefungwa.